Mafunjo ya Rubondo na mafunjo ya kwetu: kwa nini yale yamefungwa na haya yanafyekwa?

Mwalimu wa Sengerema

Ndugu zangu, natumaini hamjambo nyote. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Sengerema, na wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wakulima wa mabondeni. Muhula huu tunasoma mada ya ardhioevu, nami nimeamua kuifundisha kwa mifano ya ziwa letu badala ya mifano ya mbali iliyomo vitabuni. Mfano wa kwanza niliowapa ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977 na ina eneo la takribani kilomita za mraba 457, zaidi kidogo ya nusu yake ikiwa nchi kavu na iliyobaki ikiwa maji. Niliwaeleza kwamba sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu, kwamba kingo zake zina vinamasi vya mafunjo na matete, na kwamba ndani ya mpaka wake hairuhusiwi kuvua samaki kwa biashara, kukata miti wala kuwinda.

Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka. Alisema: ikiwa mafunjo ya Rubondo yana thamani kiasi cha kulindwa na askari wenye silaha, mbona mafunjo ya aina ile ile yaliyo nyuma ya kijiji chao yanafyekwa na kuchomwa moto kila kiangazi ili watu wapande mboga na mpunga, na hakuna anayeona ajabu? Mwenzake, ambaye baba yake huvua karibu na kisiwa cha Maisome, akaongeza kuuliza kama kweli samaki waliomo ndani ya mpaka wa hifadhi wanamfaidia mvuvi aliyeko nje, au wanazaliwa humo na kufia humo.

Najua humu wamo watu waliofanya kazi ziwani na wengine wanaoishi jirani na hifadhi. Ninaomba mnisaidie kueleza kinamasi kinafanya kazi gani hasa, wanyama wanaoishi humo wanakihitaji kwa namna gani, na kama ipo njia ya mwanakijiji kutumia mafunjo bila kuyaua. Majibu yenu nitayasoma darasani.

Mstaafu wa Uvuvi, Nyegezi

Mwalimu, nakupongeza kwa kuanzia ziwani. Nimeshughulika na samaki wa ziwa hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali la mwanafunzi wako wa pili ndilo ninaloulizwa katika kila mwalo, yaani kituo cha kupokelea samaki, ninaofika, kwa hiyo nitalifikia, lakini halijibiki kabla ya kueleza kilichopo chini ya mafunjo.

Mtu akitazama kutoka nchi kavu huona mashina ya kijani yenye vishungi, ambayo yanaweza kufikia urefu wa mita 4 au 5, akadhani huo ndio mmea. Uhai wa mafunjo uko chini, katika mashina mengine manene yanayotambaa kwa ulalo na kushikana na mizizi hadi yanatengeneza tabaka zito ambalo mahali pengine huelea juu ya maji. Mashina ya juu yanapokufa huangukia humo humo, na kwa kuwa hewa ya oksijeni chini ya tabaka hilo ni haba, hayaozi yakaisha, bali hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka na kuwa mboji nyeusi. Mboji hiyo ni kaboni iliyofungiwa chini ya maji. Mkulima anapochimba mfereji na kukausha bonde, hewa huingia, mboji huanza kuoza kwa kasi, ardhi hushuka, na ikishika moto wakati wa kiangazi inaweza kuungua chini kwa chini kwa muda mrefu bila miali kuonekana. Misimu ya kwanza mboga hustawi sana kwa sababu zinakula akiba hiyo, kisha mavuno hupungua na mkulima husogea kufyeka kipande kingine. Mwanafunzi wako wa kwanza anaishi jirani na jambo hilo na anaweza kulithibitisha kwa kuwauliza wazee wa kijiji mahali palipofyekwa kwanza panazaa nini leo.

Sasa nije kwa samaki. Uhaba huo wa oksijeni ambao mtu angedhani ni kasoro ndio ulinzi wenyewe. Sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kwa kiwango kilichobadilisha kila kitu. Furu, wale samaki wadogo wa asili, ambao inakadiriwa walikuwa na spishi zaidi ya 500 katika ziwa hili pekee, walipungua ghafla, na nyingi ya spishi hizo hazijaonekana tena. Hata hivyo, sangara hastahimili maji yenye oksijeni kidogo. Furu kadhaa wadogo wanastahimili, kambale anastahimili kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, na kamongo ana mapafu kabisa. Utafiti uliofanyika upande wa Uganda, hasa katika ziwa dogo la Nabugabo lililo pembeni mwa Ziwa Victoria, ulionyesha wazi kwamba kingo za vinamasi zilikuwa kimbilio la samaki ambao katika maji ya wazi walikuwa wamekwisha kuliwa. Kamongo dume huchimba kiota chake pembezoni mwa kinamasi na kubaki pale akilinda makinda, na ndiyo maana kinamasi kikifyekwa, kamongo ndiye wa kwanza kupotea kwenye nyavu za kijiji hicho.

Sato naye, ingawa haishi ndani ya mafunjo yenyewe, hutegemea maji ya kina kifupi yaliyo mbele yake. Dume hutengeneza kiota kwenye mchanga au tope, jike hukusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo, na vifaranga wakitoka hujificha kwenye majani ya pembezoni hadi wapate nguvu. Eneo kama Rubondo, lenye ghuba nyingi zilizotulia, mafunjo ambayo hayajaguswa na maji ambayo hayapitiwi na kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta, ni mazalia kamili. Samaki wakikua hawabaki mahali pamoja, kwa sababu wanatafuta chakula na nafasi, na mstari uliochorwa kwenye ramani hauwazuii kutoka. Kwa hiyo jibu kwa mtoto wa mvuvi ni kwamba baba yake anavua samaki ambao wengine wamekulia ndani ya hifadhi. Lakini nisisitize kwamba hifadhi moja haiwezi kulijaza ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800. Mazalia ya Ghuba ya Mwanza, ya Ukerewe na ya Magu yana kazi ile ile, na hayo hayana mlinzi mwingine isipokuwa watu wanaoishi hapo.

Kuna kazi nyingine ambayo inatuhusu sisi wa mjini moja kwa moja. Mvua inaponyesha, mito kama Simiyu huleta ziwani udongo na mbolea kutoka mashambani, na Mto Mirongo hupita katikati ya Jiji la Mwanza ukibeba kila kilichotupwa mitaani. Maji hayo yakipita ndani ya mafunjo, mwendo wake hupungua, udongo hutua, na mizizi hunyonya sehemu ya fosforasi na naitrojeni. Yakiingia ziwani bila kupita humo, virutubisho hivyo hulisha mwani unaogeuza maji kuwa ya kijani, pamoja na magugu maji ambayo yametusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenzetu wa Kampala walilitambua hili kwa kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea majitaka ya jiji kabla hayajafika kwenye ghuba ambako jiji hilo hilo huchota maji yake ya kunywa. Sisi wa Mwanza huchota yetu Capri Point na Butimba. Naomba wanafunzi watazame ramani na kupima wenyewe umbali uliopo kati ya mahali Mirongo unapoingia ziwani na Capri Point.

Mzee wa Mlango wa Maisome

Mwalimu, na wewe mwenzangu wa Nyegezi, nawasalimu. Aliyosema mtaalamu ni kweli, na mimi nitasema yale ambayo mvuvi anayaona, pamoja na yale ambayo mara nyingi hayasemwi hifadhi inapotajwa.

Rubondo haikuwa kisiwa kitupu. Wazee wetu waliishi humo, walivua, walilima migomba na kuzika wafu wao humo, na waliondolewa katika miaka ya 1960, wakati kisiwa kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965, wakahamia visiwa vya jirani na bara. Ukiwaambia watoto wa ukoo huo kwamba kisiwa kinalindwa kwa faida yao, unapaswa kuanza kwa kukiri kwamba babu zao ndio waliolipa gharama ya kwanza. Silisemi hili kwa kudai kisiwa kifunguliwe. Nimeishi vya kutosha kuona visiwa ambavyo havikufungwa vimekuwaje: msitu umegeuka kuni za kukaushia samaki na mbao za mitumbwi, na ukingo wa maji umebaki mchanga mtupu na makambi. Ninalisema kwa sababu mtoto anayeelezwa historia yote ataiheshimu hifadhi kuliko mtoto anayeelezwa nusu yake.

Kuhusu samaki, mvuvi hahitaji utafiti kujua. Tazama usiku mahali ambapo watu wa makila, yaani nyavu za kutega, hupenda kutega, utaona wanasogelea maji ya hifadhi kadiri wanavyothubutu, kwa sababu huko sato ni wakubwa na sangara ni wengi. Watu hawang'ang'anii mpaka usio na faida. Tatizo ni kwamba mpaka wa majini hauonekani kwa macho. Upepo ukibadilika usiku, makila husukumwa, na asubuhi mtu hujikuta nyavu zake ziko upande usiofaa bila yeye kukusudia. Ningependa mahali wanapovua watu wengi pawekwe maboya yanayoonekana, na vijana wetu wafundishwe kuusoma mpaka kwa kutumia simu zao, kwa sababu karibu kila mtumbwi siku hizi una simu yenye ramani.

Lakini naomba mwalimu awaambie wanafunzi jambo moja bila kulizungushia maneno. Kokoro ndilo linalotumaliza, na wala haliletwi na watu wa mbali, tunalivuta wenyewe. Kokoro linapovutwa kwenye maji ya kina kifupi huburuta viota vya sato, mayai, vifaranga na majani waliyojificha, na kinachofika ufukweni ni samaki wa urefu wa kidole wanaouzwa kwa fungu. Timba nayo, ile nyavu ya uzi mmoja wa plastiki, ikikatika huendelea kunasa samaki chini ya maji ambao hakuna atakayewala. Mvuvi anayelalamikia hifadhi huku kokoro limo ndani ya mtumbwi wake hana haki ya kusikilizwa mbele ya watoto.

Mwongoza Wageni, Chato

Shikamooni wazee wangu. Mwalimu ameuliza pia kuhusu wanyama, na mimi kazi yangu imenifikisha Rubondo mara nyingi, kwa hiyo niongeze hapo.

Mnyama wa kinamasi hasa ni nzohe. Ni swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka anapokanyaga, na hivyo hazami kwenye tabaka la mafunjo ambalo pongo au mbuzi angetumbukia. Manyoya yake ni marefu na yana mafuta yanayozuia maji. Dume ana pembe zilizojipinda na rangi ya kahawia iliyokolea, na jike hana pembe na wekundu wake huonekana vizuri jua la asubuhi linapomwangaza. Njia zake ndani ya mafunjo ni vichochoro vyembamba vya maji meusi, na mahali anapolala hukanyaga na kuzunguka hadi mashina yanalala na kuwa kitanda kikavu juu ya maji. Akishtuka hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Huingia majini taratibu na kuzama hadi pua na macho tu ndivyo vinabaki juu. Niliwahi kukaa na wageni katika boti iliyozimwa injini, umbali wa makasia machache kutoka kwa jike aliyejificha hivyo, na hakuna aliyemwona hadi alipotikisa sikio moja kumfukuza nzi. Alikuwa amesimama kimya muda wote, maji yamefika chini ya macho, na mashina ya mafunjo yakimgusa pande zote mbili za kichwa.

Nimeeleza hili kwa kirefu ili mwanafunzi aelewe kwamba mnyama huyu hawezi kuhamia shambani. Mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya mafunjo. Kinamasi kikikatwa vipande vidogo vidogo, nzohe hukosa mahali pa kujificha, na kwa kuwa hupita katika vichochoro vile vile kila siku, mwindaji akitega nyaya kwenye vichochoro hivyo humpata kwa urahisi mno. Ndiyo sababu nzohe wamepotea sehemu nyingi za mwambao na sasa tunawatafuta Rubondo.

Pamoja na nzohe wapo viboko, mamba, fisi maji wenye madoa ya shingoni ambao huwinda samaki mchana karibu na miamba, na ndege wengi wa majini. Kwazi, wale tai wanaokula samaki, ni wengi kiasi kwamba mlio wao husikika karibu kila ghuba. Hawa wote ni wenyeji wa kisiwa.

Kuna wengine ambao si wenyeji, na ni vizuri watoto wajue tofauti. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alishughulikia kuletwa kwa sokwe mtu wasiopungua 16 kutoka bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wakaachiliwa huru kisiwani. Sokwe hao walikuwa wamelelewa vizimbani, lakini walijifunza kutafuta matunda na kujenga viota mitini, na vizazi vyao vinaishi msituni hadi leo bila kulishwa na mtu. Twiga, tembo na mbega weupe na weusi nao waliletwa. Faru weusi walioletwa katika miaka ya 1960 waliangamizwa na majangili. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu hakina simba wala chui na kimezungukwa na maji, hivyo wanyama wangekuwa salama. Wageni wengi hufika kwa ajili ya sokwe, nami huwapeleka kwa moyo mmoja, lakini sokwe wana makazi mengine katika hifadhi za Gombe na Mahale. Ukitaka nzohe aliyetulia, katika mafunjo yasiyoguswa, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, hakuna mahali pa kulinganisha na Rubondo.

Msusi wa Magu

Mwalimu, mimi ni mama ninayesuka na kuuza mikeka na vikapu, na kikundi chetu kimekuwa kikivuna mafunjo kwa miaka mingi katika bonde lile lile bila kulimaliza. Nitajibu swali lako la mwisho tu.

Tunakata mashina yaliyokomaa, yale ambayo kishungi chake kimeanza kubadilika rangi, na tunayaacha machanga. Tunakata kwa panga kali juu kidogo ya maji, hatung'oi, kwa kuwa ukigusa lile shina nene linalolala chini umeua mmea. Kipande tulichovuna msimu huu hatukigusi msimu unaofuata. Hatuvuni mahali ndege wana mayai. Mashina huchipua tena na baada ya miezi kadhaa bonde limefunga kama kwamba hakuna aliyepita. Moto ndio hatuutaki kabisa, kwa sababu moto wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, hufika hadi kwenye mboji na kuunguza mizizi, na hapo panapoungua huota nyasi ambazo hazisukiki.

Wanaochoma wengi si wasusi. Ni watu wanaotaka shamba la haraka, na mara nyingi ni wageni waliokodishiwa bonde na mtu ambaye naye si lake. Kijiji kikikaa mkutano na kuandika kwamba bonde hili ni la kuvuna kwa kukata, wala si la kulima, watu hufuata. Tumeliona hilo kwetu.

Mwalimu wa Sengerema

Ninawashukuru sana wazee wangu, dada na ndugu yangu wa Chato. Nimeyasoma majibu haya zaidi ya mara moja, na mama wa Magu amenipa kitu ambacho sikukipata katika kitabu chochote cha kufundishia.

Ninabaki na mambo mawili. La kwanza ni la sheria: mwanafunzi wangu anataka kujua kama mtu anayelima hadi ukingoni mwa ziwa anavunja sheria yoyote, au sheria inahusu hifadhi pekee. La pili ni la safari. Shule haina fedha nyingi, na ningependa kujua kama inafaa kuwapeleka wanafunzi Rubondo kwenyewe au kuna mahali pa karibu wanapoweza kujifunza jambo lile lile.

Mstaafu wa Uvuvi, Nyegezi

Kuhusu sheria, Mwalimu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kwa hiyo ulinzi haukuishia Rubondo. Kisheria, kila ukingo wa ziwa hili una ukanda wa kuhifadhiwa, na mwanafunzi wako alipouliza mbona hapa hakuna anayeona ajabu, aligusa pengo lililopo kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka.

Kupima mita 60 kuna ugumu wake mahali penye mafunjo, kwa sababu ukingo wenyewe husogea. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, nyumba na mashamba ya ufukweni yakafunikwa, na vipande vikubwa vya mafunjo na matete vikang'oka na kuelea. Kimoja kati ya visiwa hivyo vinavyoelea kilifika kwenye mitambo ya umeme ya Jinja mwezi Aprili mwaka huo na kuisababishia Uganda kukosa umeme. Mtu aliyelima mita chache kutoka majini alipoteza kila kitu katika msimu huo mmoja, na palipokuwa na mafunjo mapana mawimbi yalivunjika kabla hayajafika nyumbani kwa mtu. Nashauri wanafunzi watumie kumbukumbu za wazazi wao za mwaka 2020 kuchora maji yalifika wapi katika kila kijiji. Wakipima mita 60 kuanzia hapo, wataona ni mashamba mangapi yamo ndani ya ukanda ambao ziwa lenyewe huudai linapojaa.

Mwongoza Wageni, Chato

Kwa upande wa safari, napendekeza mgawanye. Kidato chote kinaweza kwenda Saanane, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na ipo dakika chache kwa boti kutoka mjini Mwanza. Kutoka Sengerema sasa ni rahisi, kwa kuwa Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025 na hakuna tena kusubiri kivuko. Niseme ukweli kwamba Saanane ni kisiwa kidogo cha miamba chenye pimbi, mijusi na ndege, na hakina vinamasi kama vya Rubondo. Faida yake ni kwamba ukiwa juu ya miamba yake unaliona jiji lote limeshuka hadi majini, na swali la Mirongo na Capri Point aliloliuliza mzee linajibika kwa kutazama tu.

Kwa Rubondo, chagueni kikundi kidogo. Njia ya gharama nafuu ni kwenda kwa barabara hadi Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, na kuvuka kwa boti ya hifadhi, au kupitia Nkome upande wa Geita. Andikeni barua mapema kwa uongozi wa hifadhi mkieleza kwamba ni ziara ya mafunzo, kwa kuwa viingilio vya wanafunzi wa Kitanzania ni tofauti na vya wageni wa nje. Ombeni muda wa kukaa kimya pembeni mwa mafunjo alfajiri, hata kama maana yake ni kuacha matembezi ya kuwatafuta sokwe.

Mzee wa Mlango wa Maisome

Mwalimu, kikundi hicho kikipita Nkome, nitafurahi kukutana nacho mwaloni. Nitaleta kipande cha kokoro na kipande cha makila ya matundu halali, wanafunzi wavishike na kuvipima kwa rula, na pia nitawaomba wazee wawili waliozaliwa Rubondo waje kuzungumza nao kabla hawajavuka. Yule mama wa Magu, akiweza kufika na panga lake na mashina aliyovuna, atakuwa amewafundisha zaidi ya sisi sote. Panga safari ili mvuke asubuhi, kwa sababu kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa huchafua maji ya mlango huu, na hakikisha kila mtoto ana jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka.